Je, Wajua? King Hu, Fundi wa Mapanga Asiyejua Kupigana

Je, wajua kwamba mtu aliyezipa sinema za Kichina mapambano ya upanga yanayosifiwa mno hakujua kung fu hata chembe? Jina lake King Hu, mzaliwa wa Beijing mwaka 1932. Mwenyewe hakuficha: mapigano yake aliyachota kwenye jukwaa la opera ya Beijing, mahali ambapo kila pigo lina mdundo wake wa ngoma.

Je, wajua kwamba hakuanzia kwenye kamera? Alitua Hong Kong mwaka 1949, kijana asiyefika hata miaka 20, akapata kibarua cha kusahihisha makosa kwenye kiwanda cha uchapishaji. Baadaye akafanya kazi redioni, kwenye Sauti ya Amerika.

Mwaka 1958 akaingia kampuni ya Shaw Brothers. Unadhani aliingia kama bosi? Wapi! Alipamba mandhari, akaigiza, akaandika miswada, akawa msaidizi wa mwongozaji. Alipokuja kukalia kiti cha mwongozaji, kila kona ya studio alikuwa ameshaifagia.

Na hili je: filamu za kampuni hiyo zilitengenezwa Hong Kong, mji ambao wengi wa wakazi wake huongea Kikantoni, lakini waigizaji walizungumza Kimandarini! Sababu ni soko. Kimandarini kiliuza Taiwan, Singapore na kokote walikotawanyika Wachina.

Je, wajua kwamba mwaka 1963 King Hu alikuwa msaidizi kwenye The Love Eterne, filamu ya nyimbo iliyowatoa watu machozi Taiwan nzima? Mwongozaji alikuwa Li Han-hsiang, mkubwa wake kazini. Kijana mpenzi ndani ya filamu hiyo aliigizwa na mwanamke, Ivy Ling Po. Waamuzi wa tuzo za Golden Horse walikwama: huyu apewe tuzo ya mwigizaji wa kiume au wa kike? Wakamtungia tuzo maalumu, yakaisha!

Sasa shika hii. Mwaka 1966 King Hu alimkabidhi upanga binti wa miaka 20 aliyesomea kucheza dansi ya baleti. Huyo ndiye Cheng Pei-pei, na filamu ni Come Drink with Me. Kwa nini mchezaji dansi? Kwa sababu King Hu alitaka mtu anayejua kugeuka, kusimama ghafla na kutulia. Ubabe wa mkono haukuwa shida yake.

Unamkumbuka yule bibi mkorofi, Jade Fox, katika Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000? Ndiye huyohuyo Cheng Pei-pei! Miaka 34 ilipita kati ya filamu hizo mbili, na mkono wake bado ulikuwa unawaka.

Je, wajua kwamba baada ya Come Drink with Me kufanya vizuri, King Hu hakukaa kuvuna? Alifunga virago akaiacha Shaw Brothers, akahamia Taiwan. Huko akatengeneza Dragon Inn ya mwaka 1967, ikavunja rekodi za mauzo ya tiketi.

Ndani ya Dragon Inn kuna kijana anaingia nyumba ya wageni iliyojaa wauaji, anaagiza tambi, na ugomvi unanukia. Anafanya nini? Analirusha bakuli la tambi hewani, linatua kwenye meza ya pili, na mchuzi haumwagiki hata tone! Hajachomoa upanga bado, na tayari wabaya wamejua wamekutana na nani.

Je, wajua adui mkuu wa filamu hiyo ni mgonjwa wa pumu? Ni towashi mwenye nywele nyeupe, hatari kupita kiasi, na mashujaa wanamzunguka kwa zamu mpaka pumzi imkatike. Usidhani huyo ni mzee: mwigizaji wake, Bai Ying, alikuwa kijana wa miaka 27 hivi.

Unajua towashi kama huyo alitoka wapi? Kwenye historia kabisa! Mwaka 1420 mfalme wa nasaba ya Ming aliunda idara ya upelelezi iliyosimamiwa na matowashi wa ikulu. Miaka ya 1960 dunia ilikuwa imelewa James Bond, na King Hu alikereka kuona majasusi wanapambwa kama mashujaa. Ndiyo maana katika Dragon Inn majasusi ndio wabaya.

Je, wajua kwamba King Hu alikuwa na ugonjwa wa nyumba za wageni? Come Drink with Me, nyumba ya wageni. Dragon Inn, nyumba ya wageni. The Fate of Lee Khan ya mwaka 1973, karibu yote nyumba ya wageni! Alisema mahali pazuri pa kuzusha vita ni pale wanapolazimika kukaa pamoja watu wasioaminiana.

Na wahudumu wa hiyo The Fate of Lee Khan, hebu wahesabu. Ni wanawake watupu, mmoja alikuwa kibaka wa mifukoni, mwingine jambazi, na bosi wao mwanamke amewageuza kuwa wapiganaji wa siri. Mteja akileta ubishi wa bili, shauri yake.

Je, wajua kwamba King Hu aliwahi kutengeneza filamu ili kumwokoa rafiki na madeni? Mwaka 1970 Li Han-hsiang, yule mkubwa wake wa zamani, alikuwa amezama. Waongozaji wanne wakaungana, Li mwenyewe akiwemo, kila mmoja akatengeneza kipande chake, na filamu ikaitwa Four Moods. King Hu alipewa kipande cha hasira. Akakipeleka wapi? Ulishajua: nyumba ya wageni!

Haya, kaa sawa, sasa tunafika kwenye mzigo wenyewe. Je, wajua pambano moja la msitu wa mianzi katika filamu yake A Touch of Zen lilipigwa picha kwa siku 25? Siku 25, ndugu yangu, kwa kitu unachokitazama chai ikiwa bado ya moto.

Mle msituni, mwanadada mwenye upanga anarushwa juu hadi kwenye vilele vya mianzi, kisha anashuka kichwa chini, ncha ya upanga mbele, moja kwa moja hadi kwa adui. Kompyuta? Hazikuhusika. Palikuwa na turubai la kurukia, wanasarakasi wa opera na mkasi wa mhariri.

Huo mkasi nao usiuchezee! Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na King Hu aliweka vipande visivyofika hata nusu sekunde. Jicho lako linaona mguu, linaona kivuli, linaona jani linatikisika, na mtu ameshapita. Ukipepesa, umekosa.

Je, wajua A Touch of Zen ina urefu wa dakika 180, na pambano la kwanza linakuja baada ya karibu saa nzima? Filamu ya mapanga, saa nzima bila panga kugongana! Unatazama buibui, ukungu, ngome chakavu na mtu anayechungulia, na bado huinuki kitini.

Na steringi je? Steringi wa filamu hiyo si mpiganaji. Ni mchoraji wa picha za watu, ana zaidi ya miaka 30, anaishi na mama yake, na mama kila siku anamwimbia aoe na akafanye mtihani wa serikali. Umecheka? Huyo ndiye atakayepanga vita.

Silaha yake ni uvumi. Anaeneza habari kwamba ngome ina mizimu, anatega midoli na mitego gizani, na jeshi zima la adui linapagawa. Asubuhi anatembea peke yake akikagua hila zake na kucheka kwa sauti, kicheko kikubwa cha mtu aliyeshinda. Kisha anaona maiti zilizotapakaa kila upande, na kicheko kinamfia mdomoni.

Je, wajua hadithi hiyo ilitoka kwa mwandishi aliyefariki mwaka 1715? Ni Pu Songling, bingwa wa hadithi za mizimu na mbweha wanaogeuka wanawake. Hadithi yake ni ya kurasa chache tu. King Hu akaivuta ikawa saa 3!

Mwisho wa filamu hiyo mtawa wa Kibuddha anachomwa kisu, na damu inayomtoka ni ya dhahabu. Mwigizaji wa mtawa huyo ni Roy Chiao. Ukitazama Indiana Jones and the Temple of Doom ya mwaka 1984, yule jambazi Lao Che wa mwanzoni kabisa ni yeye!

Na aliyeshika kisu? Kama wewe ni shabiki wa Bruce Lee, huyu unamjua kwa sura. Ni Han Ying-jie, ambaye mwaka 1971 alikuwa bosi mbaya anayepambana na Bruce Lee katika The Big Boss. Kwa King Hu alikuwa na kazi mbili: kuigiza, na kupanga mapigano.

Je, wajua kwamba A Touch of Zen ilipotoka Taiwan ilianguka? Walioshika fedha waliikata vipande viwili, kimoja kikaonyeshwa mwaka 1970 na kingine 1971, na watazamaji wakakaa nyumbani. Miaka mitatu ya jasho, tiketi haziuziki!

Subiri, usimlilie bado. Mwaka 1975 filamu hiyohiyo, ikiwa imeunganishwa upya, ilipelekwa tamasha la Cannes, Ufaransa, ikatwaa tuzo kubwa ya ufundi. Tena tuzo hiyohiyo ya Cannes ilikuwa imeshakwenda kwa Li Han-hsiang mwaka 1962, kwa The Magnificent Concubine. Bosi na msaidizi wake wa zamani, ukuta mmoja wa sifa!

Je, wajua habari za mwanadada wa mle msituni? Anaitwa Hsu Feng, na alianza na kijisehemu kidogo katika Dragon Inn akiwa bado kigori. Baadaye akageuka mtayarishaji, na mwaka 1993 filamu yake, Farewell My Concubine, ikashinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes. Kutoka kushika upanga hadi kushika hundi!

Sammo Hung je, unamfahamu? Yule mnene mwepesi kama unyoya. Kabla hajatamba, alikuwa akipanga mapigano kwa King Hu, na katika The Valiant Ones ya mwaka 1975 ndiye mharamia wa Kijapani, uso umepakwa poda nyeupe.

Je, wajua kwamba King Hu alikwenda Korea Kusini na kurudi na filamu mbili kwa safari moja? Raining in the Mountain na Legend of the Mountain, zote za mwaka 1979, zikiwa na milima ileile na baadhi ya waigizaji walewale. Ya kwanza ni ya wezi wanaowania hati ya kale katika nyumba ya watawa, na humo wanakimbia kuliko wanavyopigana. Ya pili ni ya mizimu, na inapita saa 3!

Mkono wake haukukaa bure hata kidogo. Alichora mavazi, alichora matukio kabla ya kuyapiga picha, alihariri mwenyewe. Akaandika hata kitabu kizima kuhusu Lao She, mwandishi mashuhuri wa riwaya wa Beijing.

Je, wajua mwaka 1978 kitabu cha mwaka cha International Film Guide kilimtaja miongoni mwa waongozaji wake watano wa mwaka? Watano tu, dunia nzima!

Lakini mwaka 1990 mambo yalimgeukia. Alianza kuongoza Swordsman, wakatofautiana na mtayarishaji Tsui Hark, akaondoka filamu ikiwa katikati. Wengine wakaimalizia, ikauza sana, na jina lake likabaki pale mwanzoni mwa filamu.

Na ndoto yake kubwa unaijua? Ilikuwa filamu kuhusu vibarua wa Kichina waliojenga reli California, na Chow Yun-fat ndiye aliyetarajiwa kuwa steringi. Aliihangaikia miaka mingi. Mwezi Januari 1997, akiwa na miaka 64, alifariki Taipei akifanyiwa matibabu ya moyo.

Je, wajua kwamba kuna filamu nzima kuhusu watu wanaotazama Dragon Inn? Ni Goodbye, Dragon Inn ya Tsai Ming-liang, ya mwaka 2003: ukumbi wa sinema unafungwa, na usiku wa mwisho hiyo ndiyo picha wanayoonyesha. Zaidi ya dakika 40 zinapita, hakuna mtazamaji aliyefungua mdomo!

Na nani wamekaa kwenye viti vya ukumbi huo? Miao Tien na Shih Chun, waigizaji wa Dragon Inn wenyewe, miaka 36 baadaye, wakijitazama wakiwa vijana juu ya pazia.

Mianzi nayo haijapoa. Ang Lee aliipandia katika Crouching Tiger, Hidden Dragon, Zhang Yimou akaijaza mapanga katika House of Flying Daggers ya mwaka 2004. Wote wawili walipita njia iliyofyekwa na mtu mmoja kwa siku 25.

La mwisho, halafu nikuachie nafasi upumue. Mwaka 2015 A Touch of Zen, ikiwa imesafishwa upya fremu kwa fremu, ilirudi Cannes, miaka 40 baada ya tuzo yake. Mwaka huohuo, tamasha hilohilo, tuzo ya mwongozaji bora ilikwenda kwa Hou Hsiao-hsien wa Taiwan, kwa filamu ya nini? Ya mwanamke mwenye upanga!