Umeme wa garini: Piga hesabu kwanza, nunua baadaye

KUISHI ndani ya gari si jambo geni tena duniani. Huko Marekani, filamu ya Nomadland, inayosimulia maisha ya watu walioyafanya magari kuwa nyumba zao, ilitunukiwa Tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Hapa Afrika Mashariki nako, mtu anayeng'oa viti vya Hiace na kuweka kitanda ili azunguke nchi kikazi au kimatembezi hukabiliwa na swali lile lile: umeme utatoka wapi?

Wengi huanza kwa kwenda dukani kuulizia bei ya betri. Huko ni kuanzia mwisho. Jambo la kwanza ni kuchukua daftari na kuandika kila kifaa, wati zake, na saa kitakazofanya kazi kwa siku. Zidisha wati kwa saa, nawe utapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme unaotumia.

Tuchukue mfano. Friji ndogo ya volti 12 yenye wati 45, ambayo mota yake hufanya kazi jumla ya saa 8 kwa siku, hutumia wati-saa 360. Kompyuta ya mkononi ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Feni ya wati 20 kwa saa 6 ni 120. Taa za wati 10 kwa saa 5 ni 50, na simu mbili ni takriban 30. Jumla ni wati-saa 800 kwa siku.

Sasa ndipo tuitazame betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi takriban wati-saa 1,200. Hata hivyo, ile ya risasi na asidi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu; ukizoea kuimaliza, itakufa mapema. Hivyo unabakiwa na wati-saa 600 tu, ambazo hazitoshi. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 yenye ukubwa huo huo hukuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, sawa na wati-saa 1,000. Uzito wake ni takriban kilo 12, ilhali ya risasi hukaribia kilo 30. Bei yake ya awali ni kubwa, lakini hudumu kwa miaka mingi zaidi.

Kuhusu kuijaza, jua letu ni neema. Paneli ya wati 250 ikipata saa 5 za jua kali ingetoa wati-saa 1,250, lakini joto, vumbi na kulala bapa juu ya paa hupunguza karibu theluthi moja. Zinazobaki zinatosheleza mfano wetu. Msimu wa masika jua likiadimika, chaja maalumu inayochukua umeme wa oltaneta gari likitembea husaidia: ile ya ampea 20 huweza kurudisha karibu wati-saa 500 kwa mwendo wa saa mbili.

Asiyetaka shughuli za nyaya anaweza kununua sanduku la umeme, ambalo lina betri, inveta na chaja kwa pamoja. Hubebeka kwa urahisi na hutumika hata nyumbani umeme ukikatika. Kasoro yake ni kwamba sehemu moja ikiharibika, sanduku zima hupelekwa kwa fundi. Aidha, anayetarajia kusafiri nalo angani afahamu kuwa abiria haruhusiwi kuingia ndegeni na betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160.

Birika la umeme la wati 2,000 na pasi viachwe nyumbani, kwani vitahitaji inveta kubwa na nyaya nene mno.

Yapo makosa matatu ya kuepukwa kabisa. Kwanza, usitegemee betri ya kuwashia gari. Friji ikiinyonya usiku kucha, asubuhi utajikuta porini na gari lisilowaka. Pili, usiunge nyaya bila fyuzi karibu na betri, maana hitilafu ndogo huweza kuteketeza gari zima.

La tatu ndilo la hatari kuliko yote: usiwashe jenereta wala jiko la mkaa ndani ya gari. Vyote hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huweza kufariki dunia bila kuamka. Kufungua kidirisha kidogo hakutoshi. Jenereta iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka garini, na moshi wake uelekezwe kando. Ni vyema pia kuwa na king'ora kinachotambua gesi hiyo.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayefanya gari kuwa nyumba, umeme nao ni mali. Aliyeandika mahitaji yake kabla ya kwenda dukani hatauziwa kilicho kikubwa bure, wala hatabaki gizani kwa kununua kilicho kidogo.