Mfupa Hurefukia Wapi?

Wengi hudhani kuwa mfupa wa mtoto hurefuka kila mahali kwa pamoja, mithili ya mpira unaovutwa. Sivyo. Mfupa mrefu, kama ule wa paja, hurefuka karibu na ncha zake tu, katika tabaka jembamba la gegedu, kitu laini kama kile cha ncha ya pua. Seli za gegedu hugawanyika, hujipanga safu safu, hutuna, kisha hufa. Mahali pake hujengwa mfupa mgumu. Mwishoni mwa balehe tabaka hilo nalo hugeuka mfupa, na kimo hukoma. Wasichana hutangulia.

Hapo ndipo penye hatari. Kwa mtoto, tabaka hilo mara nyingi ni dhaifu kuliko hata kano zinazoshikilia kiungo. Basi mwanafunzi aangukapo uwanjani na kifundo cha mguu kikavimba, huenda hakuteguka, bali tabaka la ukuaji limevunjika. Likiungana vibaya, mguu huweza kubaki mfupi au kupinda. Kwa hiyo, mwalimu, usiruhusu mguu huo ukandwe wala uvutwe. Ufungwe gango usitikisike, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.