Mwanga, Hewa na Nguvu ya Paneli za Sola: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Katika vijiji vilivyo kando ya njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, kaya zilizo mbali na gridi ya Taifa hutegemea umeme wa jua kwa taa na kuchaji simu. Miongoni mwa paneli zinazotumika zipo za utando mwembamba, ambazo tabaka lake la kuzalisha umeme ni jembamba kuliko unywele. Mnunuzi wa paneli hizo hana budi kutofautisha hasara ya aina mbili.

Hasara ya kwanza husababishwa na mwanga. Mwaka 1977, watafiti Staebler na Wronski wa Marekani walibaini kuwa silikoni ya amofasi, yaani isiyo na mpangilio wa fuwele, hupungukiwa nguvu inapopigwa na mwanga. Paneli ya aina hiyo hupoteza takribani asilimia 10 hadi 30 katika miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Hivyo, paneli inayotoa wati 15 siku ya kwanza yaweza kubaki na wati 12. Lebo ya haki huandika wati 12.

Hasara ya pili hutokana na hewa. Wakati wa mvua, ambazo mkoani Tabora hunyesha takribani Novemba hadi Aprili, unyevu na oksijeni hupenya kwenye kingo zilizozibwa vibaya au kioo kilichopasuka na kuozesha tabaka za ndani. Dalili zake ni madoa na utando kubabuka. Hasara hii haitulii. Huendelea hadi paneli kufa.

Nchini Kenya, ambako paneli ndogo za amofasi zilienea vijijini katika miaka ya 1990, vipimo vilionesha kuwa baadhi zilifikia nguvu iliyoandikwa na nyingine zilipungua sana. Viwango vya kimataifa hutaka paneli ianikwe mwangani hadi itulie ndipo ipimwe, na sampuli nyingine istahimili saa 1,000 katika nyuzi joto 85 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85.

Mwananchi anashauriwa kuuliza iwapo wati zilizoandikwa ni za baada ya kutulia, kukagua kingo na kioo, kutafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kutunza risiti pamoja na hati ya dhamana.