Kahawa Chini ya Boriti

Milango ya kuchonga ndiyo iliyoupatia Mji Mkongwe wa Zanzibar jina katika vitabu na kadi za posta, na mgeni anayeelekea kunywa kahawa katika mojawapo ya majumba ya zamani yaliyogeuzwa kuwa nyumba za kahawa husimama kwanza kuutazama mlango kabla hajauvuka. Hata hivyo, jambo linaloamua kahawa itanywewaje humo, meza ngapi zitaingia na nani atakaa amkabili nani, halipo mlangoni, bali ni upana wa chumba. Chumba cha jumba la zamani chaweza kurefuka mpaka mtu akalazimika kupaza sauti ili asikike upande wa pili, na dari yake yaweza kuwa juu kupita inavyohitajika, lakini upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu. Wanywaji walioingia wakiwa hawajuani hujikuta wamekaa magoti kwa magoti, na mhudumu hupita kiubavu akiwa ameinua sinia juu ya vichwa vyao.

Nyumba ya kahawa inayofahamika zaidi kati ya hizo ipo Mkunazini, katika jengo ambalo inaelezwa kuwa lilijengwa mwaka 1885 kwa ajili ya waziri mmoja wa Sultan Barghash bin Said, na ambalo leo hupokea kahawa ya shamba la Utengule, Mbeya. Nyingine ni ndogo zaidi, hazina historia iliyobandikwa ukutani, na baadhi yake hufunguliwa na kufungwa kabla majirani hawajazizoea. Zote, za fahari na za kawaida, zimo chini ya sheria moja ambayo haikutungwa na sultani wala na mhandisi, bali na mkoko.

Dari za majumba hayo hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyonyooka, yenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, ambayo hulazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili kwa kuachiana nafasi ndogo. Juu yake hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto ambao hapo zamani ulipigwa na kundi la watu wenye vibao, kwa nyimbo na kwa siku nyingi, mpaka ukashikamana na kuwa sakafu ya ghorofa inayofuata. Mkoko ulichaguliwa kwa sababu ni mgumu na mzito, na kwa sababu umejaa tanini, yaani dawa nyekundu ya magome ambayo hutumika kulainishia ngozi na ambayo mchwa hawaipendi. Lakini mkoko ulionyooka, wa unene unaotakiwa, haupatikani kwa urefu wowote autakao mwenye nyumba, na hata ukipatikana hulegea katikati chini ya uzito wa sakafu ya mawe. Mwashi, ambaye ni fundi wa kujenga kwa mawe, alianza basi na mti, akasimamisha kuta zake mbili kwa kufuata mti huo, na tajiri aliyetaka ukumbi mkubwa aliongezewa urefu, kwa kuwa upana haukuwa wa kununuliwa.

Sheria hiyo ilivuka bahari. Wakataji wa Lamu na wa delta ya Rufiji waliipanga miti yao kwa unene, kuanzia fito na pau, kupita mazio, hadi boriti na nguzo, kila daraja likiwa na bei yake, na majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni mizigo hiyo. Miji ya Muscat, Bahrain na Kuwait, ambako miti ya kujengea ni adimu, iliezekwa kwa mikoko ya Afrika Mashariki, na vyumba vya huko vikapata upana uleule wa vyumba vya Unguja na Lamu. Mtu aliyehama kutoka pwani moja kwenda nyingine angeweza kubeba zulia lake na kulitandika bila kulikunja. Biashara hiyo ilidhoofika mafuta yalipoleta saruji na chuma huko Ghuba, na mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje ya nchi ili kunusuru misitu iliyobaki.

Fundi mmoja wa chokaa, aliyejifunza kazi kwa kumshikia baba yake mwiko na ambaye amekwisha kuitwa katika nyumba kadhaa za kahawa zenye nyufa, hatazami katikati ya boriti anapoingia chumbani, ijapokuwa hapo ndipo mti unapoonekana umepinda na ndipo wenye nyumba wanapomwonyesha kwa kidole. Yeye hupanda ngazi mpaka penye ncha, pale mti unapoingia ukutani, mahali ambapo yeye na wenzake hupaita kichwa cha boriti, akapagonga kwa mpini wa nyundo. Kwa maelezo yake, mti uliopinda unaweza kukaa miaka mingine mingi, kwa sababu umepinda ukiwa mzima na umekwisha kuzoea mzigo wake, lakini mti ulionyooka kama mstari unaweza kuwa hauna kichwa kabisa, ukiwa umeshikiliwa na lipu na rangi tu. Mti mzima hujibu kwa mlio mkavu na mfupi, ilhali uliooza hauna mlio, na nyundo huzama kidogo. Baada ya kugonga huchomeka kijiti kati ya mti na jiwe, akakitoa na kukishika baina ya vidole viwili ili ajue kama kimerudi na vumbi au na tope. Vumbi humwambia kwamba maji yalipita zamani yakaacha, na tope humwambia kwamba yanapita sasa, kwa hiyo kubadilisha mti kabla ya kuyatafuta maji hayo yanakotoka ni kuulisha ukuta mti mwingine.

Maji ndiyo mazungumzo yake yote. Hushikilia kwamba hajapata kuona jumba lililoanguka kwa uzee, na kwamba kila aliloitwa kulitazama likiwa limeinama lilikuwa na mlizamu ulioziba, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, au choo kilichoongezwa ghorofani na mtu ambaye hakujiuliza maji machafu yatashukia wapi. Ukuta wa matumbawe na chokaa, ambao unene wake hufika nusu mita na zaidi, hunywa maji na kuyatoa, kwa maana unyevu unaopanda kutoka ardhini au unaoingia na mvua hutoka tena kupitia lipu ya chokaa yenye vinyweleo vingi. Ukuta huohuo ukivikwa saruji hunywa bila kutoa. Chumvi iliyomo ndani hujikusanya nyuma ya lile ganda gumu na kulisukuma, udongo na chokaa kati ya mawe hugeuka unga, na vichwa vya boriti hubaki vimelowa mwaka mzima. Ukuta wa namna hiyo hupendeza sana machoni, na fundi huyo hukiri kwamba wateja wake wengi humwona mkaidi anapokataa kuutia saruji, kwani saruji hukauka upesi na bei yake inajulikana dukani, lakini chokaa inataka kuchomwa, kuzimwa kwa maji, kuachwa ilainike, kisha kupakwa tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba huku kila moja likingojewa linywe hewa ya ukaa na kukakamaa.

Kwa mtazamo huo kahawa si mgeni asiye na hatia. Kwa vizazi vingi kahawa ya Zanzibar ilinywewa nje ya nyumba, barazani, yaani kwenye benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele, ambapo mwenye nyumba aliwapokea wanaume wasio wa familia bila kuwafikisha ndani. Buni zilikaangwa, zikatwangwa kwenye kinu na kuchemshwa ndani ya dele, birika la shaba lenye mdomo uliopinda, ambalo muuzaji alitembea nalo likiwa juu ya makaa yake huku akigonganisha vikombe ili asikike. Wengi wa wauzaji hao walikuwa Washihiri, yaani watu waliotoka Hadhramaut kusini mwa Arabuni. Kahawa ilikuwa chungu, bila sukari, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na kilichoondoa uchungu ni kashata, halua au tende. Desturi hiyo haijafa. Huko Jaws Corner, njia panda ambayo kwa miaka mingi imekuwa bunge lisilo na spika, vikombe bado huzunguka kati ya wachezaji wa dhumna na wabishi wa siasa, na muuzaji huviosha vyote kwa ndoo moja.

Ndoo hiyo moja ndiyo fundi wa chokaa anayoitaja kila anapoeleza tofauti. Nyumba ya kahawa ya leo ina mashine ya espreso, inayosukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia kahawa iliyosagwa na ambayo haina budi kuunganishwa na bomba na mfereji wa maji machafu. Ina karo za kuoshea vyombo zinazotumika kutwa nzima, vyoo vya wateja, majokofu yanayotiririka chini, na mara nyingi vyumba vya wageni juu, kila kimoja na bafu lake. Jumba lililojengwa kwa kisima kimoja na choo kimoja sasa linapitisha maji katika kila ukuta, na mabomba yamefichwa ndani ya kuta hizo kwa sababu mteja hapendi kuyaona. Wajenzi wa kale, ambao katika mambo mengine husifiwa kupita kiasi, walikuwa na busara ya kuyaweka maji mahali ambapo yangevuja mbele ya macho ya watu.

Kisha kuna paa. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalianza na paa bapa la chokaa, namna inayofaa nchi ya mvua chache, na baadaye yakavikwa mabati yaliyoinama, kwani masika ya Unguja hayastahimiliki kwa paa bapa bila matengenezo ya kila mwaka. Wafanyabiashara wa kahawa wamegundua kwamba mgeni hulipa kwa furaha zaidi akionyeshwa bahari, minara ya misikiti na ya kanisa kwa mara moja, na hivyo juu ya paa hujengwa banda la nguzo, sakafu ya vigae na safu ya vyungu vya maua vinavyomwagiliwa asubuhi na jioni. Fundi hana ugomvi na bahari. Anachouliza ni iwapo aliyeongeza watu hamsini na vyungu vyao juu ya boriti za zama za Barghash aliwahi kupanda ngazi na kuvigonga vichwa vyake, na kwa majumba aliyoyaona anadhani jibu analijua.

Wale wanaolaumu biashara hawana budi kukumbuka hali iliyoitangulia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalichukuliwa na serikali na kugawiwa familia nyingi, kila moja na chumba chake, kodi ikiwa ndogo mno kuweza kununua hata gunia la chokaa. Mamlaka ya hifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini orodha haizibi paa. Wala ukubwa wa jengo si kinga: Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, ambayo iliushinda ufinyu wa mkoko kwa kutumia nguzo za chuma katika varanda zake, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati. Kahawa angalau huleta fedha kila siku, na fundi mwenyewe hasiti kusema kwamba bila nyumba za kahawa na hoteli angekuwa ameacha chokaa akaenda kufyatua matofali ya saruji. Waliokuwa wakiishi katika vyumba hivyo vyembamba kabla ya meza kuingizwa wamehamia mitaa ya ng'ambo, na katika menyu zinazosimulia habari za waziri na sultani hakuna mstari unaowahusu.

Linalobaki ni swali la majira. Kichwa cha boriti hukatwa na kubadilishwa wakati ukuta umekauka, katika kiangazi au kipupwe, na chokaa mpya inayozunguka mti hutaka wiki kadhaa za ukavu. Miezi hiyo hasa ndiyo ya watalii, ambapo hakuna mwenye nyumba ya kahawa atakayekubali kufunga chumba kimoja, sembuse kutegemeza dari kwa magogo katikati ya wateja. Masika yakifika wateja hupungua na vyumba huwa wazi, ila chokaa haikauki, na fundi anayelazimishwa kufanya kazi wakati huo huishia kutumia saruji ambayo hakuitaka. Pengine mpangaji wa chini yuko tayari kufunga, lakini maji yanatoka kwa mpangaji wa juu, ambaye ana mkataba wake mwenyewe na mwenye nyumba aishiye mbali, na kati ya watatu hao haijulikani ni nani mwenye wajibu wa kumlipa mwenzake hasara ya miezi miwili ya kahawa isiyouzwa. Fundi husema kwamba huitwa na wote watatu, kila mmoja kwa siri, aje kumwambia kuwa uvujaji si wake.