Askari wa Zimamoto Huandaliwaje, na Mwananchi Ana Nafasi Gani?

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania, ambalo kwa sheria ya mwaka 2007 liliwekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi baada ya huduma hiyo kuwa kwa muda mrefu mikononi mwa halmashauri, hujulikana zaidi kwa magari mekundu na ving'ora kuliko kwa kazi inayotangulia safari ya magari hayo, ingawa kazi hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi.

Ajira zake hutangazwa hadharani, na mwombaji hutakiwa awe raia mwenye afya njema, asiye na rekodi ya jinai. Ujuzi kama udereva wa magari makubwa na uogeleaji huthaminiwa, kwa kuwa askari huyohuyo huitwa kwenye mafuriko, ajali za barabarani na majengo yaliyoporomoka, kama lile la Kariakoo lililoanguka Novemba 16, 2024.

Jeshi lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Pamoja na gwaride na ukakamavu, askari wa fani hii hana budi kuijua tabia ya moto wenyewe: kwamba huishi kwa joto, oksijeni na kitu kinachoungua, na ukinyimwa kimojawapo huzimika, kwamba moshi hupanda juu, hivyo anayeingia ndani hutambaa, na kwamba mlango wa chumba kilichojaa moshi haufunguliwi kwa pupa, kwani hewa inayoingia ghafla huweza kuulipua moto uliokuwa umefifia.

Maarifa hayo hayapaswi kuishia kambini. Maofisa wa Jeshi hukagua majengo, hutembelea shule na masoko, na huwafundisha wananchi kutumia mtungi wa kuzimia moto: kuvuta pini, kuelekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto badala ya ndimi zake, kubana mpini, kisha kupuliza kwa kufagia kushoto na kulia. Jikoni somo ni gumu zaidi, maana mkono hukimbilia maji. Lakini maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka huzama chini yake, hugeuka mvuke mara moja na kurusha mafuta yenye moto hadi ukutani, ilhali kuzima jiko na kufunika sufuria hutosha.

Lawama kwamba zimamoto huchelewa zina ukweli pale vituo vinapokuwa vichache, lakini mara nyingi husahau vibanda vilivyoziba njia, magari yaliyoegeshwa juu ya mabomba ya maji ya zimamoto, na watu wanaopiga picha kabla ya kupiga simu. Namba ya dharura ni 114. Anayepiga ataje mtaa, alama inayojulikana karibu na eneo, kinachoungua, na kama kuna watu ndani, na asikate simu kabla ya kuambiwa.