Kipupwe, Masika na Usalama wa Barabara

Mara kwa mara wafasiri hukabidhiwa maandishi ya nchi za kaskazini yahusuyo kazi ya serikali za mitaa ya kulinda usalama wa barabara na njia za miguu wakati wa baridi kali. Maandishi hayo huonekana mepesi, kwani karibu kila neno lake limo katika kamusi. Hata hivyo, tukiyachukua maneno ya kamusi bila kuitazama nchi ya msomaji, twaweza kumpotosha. Katika makala haya tutalieleza jambo hilo kwa mfano wa Mvumi, Wilaya ya Kilosa.

Tuanze na jina la majira. Wengi huandika "kipupwe". Neno hilo ni letu, na maana yake ni majira ya ubaridi ya Juni hadi Agosti. Lakini kipupwe cha Mvumi ni kikavu, na ndio wakati barabara za udongo zinapopitika vizuri. Hatari ya huko huja na mvua, tangu vuli hadi masika, maji yanapoteremka kutoka milimani na kutapakaa bondeni. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma huko Dumila. Kwa hiyo twapendekeza kwamba kwa nchi za theluji paandikwe "majira ya baridi kali", na "kipupwe" kibaki na maana yake.

Pili ni hatari yenyewe. Theluji huanguka kutoka mawinguni. Barafu ni maji yaliyoganda. Sakitu ni utando mweupe uletwao na baridi ya usiku juu ya ardhi na majani. Maneno haya yasibadilishane nafasi, maana kila kimoja kina namna yake ya kuondolewa.

Tatu ni kazi. Uingereza magari humwaga chumvi ya mawe barabarani kabla ya maji kuganda, kwa sababu maji ya chumvi huhitaji baridi kali zaidi ili yagande. Mfasiri akiandika kuwa humwagwa "changarawe", maana imepotea. Kilosa changarawe humwagwa na kushindiliwa ili barabara isigeuke tope. Tena huambatana na kuchonga kwa greda, kuzibua mitaro na kusafisha makalavati. Kazi hizo hazina budi kufanywa kabla ya mvua, yaani katika kipupwe hichohicho. Basi "kazi za kipupwe" kwetu ni maandalizi, hali kazi za baridi kali huko hufanywa ndani ya majira yenyewe ya hatari.

Nne ni wajibu. Huko England na Wales, sheria ya barabara ya mwaka 1980, kama ilivyorekebishwa mwaka 2003, yaitaka mamlaka ya barabara ihakikishe, kwa kadiri iwezekanavyo, kwamba theluji au barafu haimhatarishi mpitaji. Mfasiri akiyaacha maneno "kwa kadiri iwezekanavyo", amebadili sheria. Vilevile asiandike "halmashauri" kila mahali. Tanzania Bara, tangu mwaka 2017, barabara za wilaya zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara (TANROADS). "Mamlaka ya barabara" ni istilahi inayofaa pote.

Mwisho, tangazo. "Barabara imefungwa" ni amri ya mwenye mamlaka. "Barabara haipitiki" ni habari ya hali yake. Dereva aliyefika ukingoni mwa maji usiku anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili aliloambiwa. Akidhani amri ni habari tu, huenda akajaribu kuvuka. Hapo ndipo istilahi inapokuwa sehemu ya usalama wa barabara, sawa na mtaro na daraja.