Kufasili Kulabu za Ufuatiliaji katika Kiini cha Linux

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kulabu ya ufuatiliaji inavyofasiliwa katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na kwa nini fasili hiyo, ikishatolewa, huwa vigumu kuitengua. Suala ni la wahandisi. Lakini mwanaisimu atalitambua upesi.

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayogawa muda wa kichakataji, kumbukumbu na vifaa kati ya programu zote. Programu ya kawaida ikienda kombo, fundi aweza kuisimamisha na kuichungulia. Kiini hakisimamishwi hivyo, maana kikisimama, mashine nzima imesimama. Hapana budi kukitazama kikiwa kazini. Ndiyo sababu ya kulabu, yaani mahali palipoandaliwa mapema katika matini ya kiini, ambapo mtazamaji aweza kutundika shughuli yake. Kama kulabu ya ukutani, mjenzi huiweka kabla hajajua kitakachotundikwa.

Kulabu isiyotumika haina budi kuwa nyepesi. Mathieu Desnoyers, aliyefanya utafiti wake katika École Polytechnique de Montréal, ndiye aliyeziingiza kulabu hizo katika toleo 2.6.28 la mwaka 2008. Tangu toleo 2.6.37 la mwaka 2011, katika vichakataji vya x86-64, kulabu iliyolala huwa ni amri moja fupi isiyofanya lolote. Mtazamaji akiiamsha, kiini huiandika upya amri hiyo iwe ya kurukia kwenye shughuli iliyotundikwa.

Kulabu peke yake, hata hivyo, haisemi kitu. Mwaka 2009 Steven Rostedt alileta makro iitwayo TRACE_EVENT, inayounganisha kulabu na maelezo ya tukio. Tuchukue tukio la sched_switch, linalotokea kichakataji kinapoacha kazi moja na kushika nyingine. Fasili yake hutaja jina, aina za hoja zinazopokelewa, majina ya hoja hizo, umbo la kumbukumbu itakayohifadhiwa, namna ya kuijaza, na namna ya kuichapa ili binadamu aisome. Kiini cha jambo kimo katika umbo la kumbukumbu. Kinachopokelewa na kulabu ni vielekezi vya kazi mbili nzima, kila moja ikiwa na habari tele. Kinachohifadhiwa ni nyuga saba tu: jina, namba, kipaumbele na hali ya kazi inayotoka, kisha jina, namba na kipaumbele cha inayoingia. Jina lenyewe limetengewa baiti 16, na ya mwisho ni alama ya kikomo. Lenye herufi zaidi ya 15 hukatwa. Mfasili, basi, huchagua kama mtunga kamusi achaguavyo sifa za kitu zitakazoingia katika maelezo ya kidahizo.

Ajabu nyingine ni kwamba matini ya fasili huandikwa mara moja lakini husomwa na kikusanyi mara kadhaa, maana ya makro zake ikibadilishwa kila mara: safari moja hutoa umbo la kumbukumbu, nyingine shughuli ya kuchapa. Ni sentensi moja inayochanganuliwa kwa sarufi tofauti.

Kila tukio hutangazwa katika faili iitwayo format, yenye jina la kila uga, mahali pake na ukubwa wake. Programu ya nje yatakiwa kuisoma kwanza. PowerTOP, inayoonyesha kinachokula umeme wa betri, haikufanya hivyo. Ilihesabu baiti kwa mazoea. Mwaka 2011, kufuli kuu la kiini lilipoondolewa katika toleo 2.6.39, uga wa lock_depth uliobebwa na matukio yote ulikosa maana, ukafutwa. PowerTOP ikavunjika. Kwa kuwa kanuni ya Linus Torvalds ni kwamba mabadiliko ya kiini yasivunje programu za watumiaji, baiti 4 tupu zilirudishwa mahali pale, zisizo na maana yoyote ila kushika nafasi. Saussure alifundisha kwamba alama ya lugha ni ya nasibu na bado mzungumzaji mmoja hawezi kuibadilisha. Sijaona mfano mkavu kuliko huu.

Hofu ya kufungwa na fasili iliwafanya baadhi ya watunzaji kukataa kulabu katika maeneo yao. Al Viro, mtunzaji wa tabaka la mifumo ya mafaili, anajulikana kwa msimamo huo. Kwa upande wa upangaji wa kazi, toleo 5.3 la mwaka 2019 lilikuja na kulabu tupu, kama pelt_cfs_tp: zina jina na hoja, hazina umbo la kumbukumbu wala la kuchapa. Azitakaye huandika moduli yake, na ikivunjika huitengeneza mwenyewe.

Lakini hata orodha ya hoja yaweza kugeuka ahadi. Mwaka 2022 hoja mpya, prev_state, iliongezwa katika kulabu ya sched_switch, ikapachikwa kabla ya vielekezi vya kazi mbili. Programu zilizojitundika moja kwa moja kwenye kulabu, bila kupitia nyuga zile saba, zikawa zinasoma hoja isiyo yake. Mwaka huohuo hoja hiyo ilihamishiwa mwisho wa orodha.